Dakika Kumi za Kusimama

Kuna kipimo kimoja cha hospitali ambacho ukimsimulia mtu mtaani atadhani unamchezea. Unalala kitandani dakika tano, pengine kumi. Muuguzi anapima presha na mapigo ya moyo. Kisha anakuambia usimame. Basi. Unasimama tu, bila kwenda popote na bila kuchezesha miguu, huku ukipimwa tena na tena mpaka dakika kumi zitimie. Ikiwa mapigo yamepanda kwa 30 au zaidi kwa dakika (40 kwa walio na umri wa miaka 12 hadi 19), na presha yenyewe haikuporomoka, na umekuwa ukiteseka hivyo kwa miezi kadhaa, daktari anaanza kufikiria jina POTS. Hospitali zenye vifaa hukufunga mikanda kwenye kitanda maalumu kinachoinuliwa mpaka nyuzi 60 au 70, ili misuli ya miguu isikusaidie. Lakini wazo ni lile lile: mtu amesimama, na wengine wanamtazama akiwa amesimama.

Sasa wewe ni mwandishi. Iandike hiyo.

Ugumu wake unaanzia kwenye mwili wenyewe. Ukisimama, karibu nusu lita ya damu, wakati mwingine zaidi, huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Kwa wengi wetu mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaosimamia mapigo, jasho na usagaji wa chakula bila kutuomba ruhusa, hukaza mishipa papo hapo na hatujui kama kuna kazi imefanyika. Kwa mwenye POTS mishipa haikazi ipasavyo, au damu yenyewe ni kidogo, au homoni za mshtuko zinamwagika kupita kiasi. Moyo unabaki kufidia kwa kukimbia. Kwa hivyo kusimama kwenye foleni ya benki kunamchosha kama vile kupanda ngazi kunavyomchosha mwingine, na ukimtazama kutoka nje huoni chochote. Unaona msichana kwenye foleni. Labda unaona ameegemea ukuta na unamwona mvivu.

Hadithi za ugonjwa usiojulikana zimekuwa nyingi miaka hii, na karibu zote zimejengwa kwa ramani moja. Mtu mwenye afya anaanguka. Madaktari kadhaa hawaoni kitu. Hatimaye daktari bingwa mmoja anamsikiliza, anampima, anataja jina. Machozi. Mwanasosholojia Arthur Frank, katika The Wounded Storyteller (1995), aligawa masimulizi ya wagonjwa katika makundi matatu: masimulizi ya kupona, ya vurugu, na ya safari ambayo mgonjwa hurudi nayo na funzo. Ramani ninayoisema ni ujanja wa kumtoa msomaji kwenye vurugu na kumpeleka kwenye kupona ilhali mgonjwa hajapona. Jina linachukua nafasi ya dawa. Hoja yangu ni kwamba ujanja huo unaruka sehemu muhimu kuliko zote, zile dakika kumi za kusimama, na kwamba kazi nzuri ni zile zinazokubali kukaa humo.

Tuanze na filamu. Unrest ya Jennifer Brea ilionyeshwa Sundance mwaka 2017 na ikapata tuzo maalumu ya uhariri. Brea alikuwa mwanafunzi wa uzamifu Harvard alipopata homa kali, na hakuwahi kurudi alivyokuwa. Daktari wa neva akamwambia kwamba mwili wake ulikuwa ukieleza mshtuko wa akilini ambao huenda hata haukumbuki. Jina alilopata baadaye ni ME, ugonjwa wa kuishiwa nguvu ambao mara nyingi huandamana na POTS. Sehemu kubwa ya filamu aliiongoza akiwa kitandani, akiwahoji watu wa nchi nyingine kupitia intaneti, na baadhi ya picha alijirekodi mwenyewe kwa simu akiwa sakafuni.

Hizo picha za sakafuni ndizo moyo wa filamu. Hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini. Kuna mtu anayejaribu kuinuka, na kamera iko chini pamoja naye kwa sababu mwenye kamera ndiye huyo huyo. Filamu nyingi za ugonjwa hupigwa na mtu aliyesimama kando ya kitanda akimwangalia mgonjwa kutoka juu. Hii imepigwa kutoka usawa wa zulia. Ukiitazama kwenye simu yako ndani ya matatu, unajikuta umeinamisha shingo bila kujua.

Inapoteleza ni pale inapotaka kuwa kampeni. Inaruka kutoka Marekani hadi Uingereza hadi Denmark, ambako mwanamke kijana alichukuliwa kwa nguvu kutoka kwao mwaka 2013 akawekwa hospitalini, na kila mgonjwa anakuwa ushahidi kabla hajawa mtu. Hata hivyo, ni kampeni hiyo iliyotupa picha ninayoikumbuka zaidi: viatu vitupu vimepangwa barabarani kwa niaba ya wagonjwa wasioweza kuja kuandamana. Viatu vinasimama pale ambapo mwenyewe hawezi. Hapo filamu imefika kwenye dakika kumi bila hata kutaja kipimo.

Kuna jambo lililotokea nje ya filamu ambalo linapaswa kubadilisha tunavyoitazama. Mwaka 2019 Brea aliandika kwamba baada ya kufanyiwa upasuaji, kwa tatizo lililogunduliwa kwenye shingo na uti wake wa mgongo, ME na POTS zake zilikuwa zimetulia. Baadhi ya wagonjwa wenzake walifurahi, wengine wakashtuka, maana hadithi yake ilikuwa yao pia. Kama ungekuwa umeitazama filamu kama hadithi ya kupata jina, taarifa hiyo ingeibomoa: kumbe kulikuwa na jina lingine nyuma ya lile la kwanza. Ukiitazama kama hadithi ya mtu aliye sakafuni asiyeaminiwa, haitikisiki hata kidogo. Sakafu ilikuwa sakafu.

Kitabu cha Meghan O'Rourke, The Invisible Kingdom (2022), kina tatizo tofauti. O'Rourke ni mshairi, na kitabu kilifika fainali za National Book Award mwaka huo. Anasimulia miaka mingi ya kuugua bila kueleweka: tezi ya shingoni inayoshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, kisha Lyme, na baadaye matatizo ya mfumo huu wa neva pia. Ni kitabu cha mtu aliyesoma kila karatasi ya maabara aliyowahi kupewa. Kurasa zake bora ni zile ambapo matokeo yanarudi yakiwa safi na yeye anayapokea kama tusi. Mtu asiyewahi kuugua hivi hatalielewa hilo kirahisi. Mgonjwa gani anasikitika kuambiwa yuko sawa? O'Rourke anaeleza kwa uvumilivu mkubwa kwamba ripoti safi haikuondolei maumivu, inakuondolea shahidi.

Lakini kitabu kina majina mengi mno, na kila jina linapofika, sentensi zinapata nguvu ghafla kana kwamba zimeongezewa damu. Jina la Lyme hasa linakivuta kitabu kuelekea nafuu kama kamba. Mwishoni O'Rourke anajizuia kwa heshima: anakataa kudai kwamba ugonjwa umemfanya mtu bora. Namsifu kwa hilo. Ila msomaji wa Nairobi atakiweka chini akiwa na swali ambalo kitabu hakikuandikiwa kulijibu. Je, mtu ambaye hana uwezo wa kumwona daktari wa sita, wa saba na wa nane, hadithi yake inaishia wapi? Kwa ramani ya kawaida, haijaanza hata kuitwa hadithi.

Sivisomi vitu hivi nikiwa mbali. Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikimsindikiza binamu yangu hospitalini. Hospitali ya kwanza, ambayo nitaiacha bila jina, daktari alimuuliza, "Umekula leo, mrembo?" Amekula. "Kuna mawazo? Mambo ya chuo, ya mapenzi?" Wakampima umeme wa moyo akiwa chali. Safi. Wakampima damu. Safi. Shangazi akasema, "Mwanangu, si umesikia daktari? Moyo uko sawa, tushukuru Mungu." Binamu yangu alishukuru Mungu, kisha akalia njia nzima mpaka nyumbani.

Daktari bingwa wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alilisukuma kando faili lote na kuuliza swali moja. "Ukiwa umelala unaumwa?"

"Hapana, daktari."

"Basi mbona wamekuwa wakikupima ukiwa umelala?"

Akamlaza, akampima: 74. Akamsimamisha kando ya ukuta, akavuta kiti, akakaa naye. Hakwenda kuona mgonjwa mwingine. Dakika ya tatu, 103. Dakika ya nane, 121, presha iko pale pale, miguu imeanza kuiva rangi ya zambarau, na shangazi anakitazama kile kimashine kama mtu anayesubiri matokeo ya KCSE. Hakuna aliyezungumza. Kama ningekuwa mwandishi wa ile ramani, ningekimbilia jina, ambalo lilitajwa dakika chache baadaye. Lakini kilichombadilisha shangazi hakikuwa jina, ambalo mpaka leo hulitamka anavyojua yeye. Ni kuona. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemtazama binti yake akisimama kwa dakika kumi bila kumwambia ajikaze.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo inamlaumu mgonjwa: yeye ndiye anayeficha. Hapa mgonjwa hakuficha kitu, ametangaza kwa kila mtu. Ni maradhi yanayojificha, na maficho yao ni kitanda cha daktari, mahali pale pale tunapoyatafuta.

Labda tunayakimbilia majina kwa sababu tunadhani hayana hadithi ndani yake. Yanazo. Mwaka 1871 daktari wa Kimarekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambao mioyo yao ilikwenda mbio, wakachoka na kupata kizunguzungu bila kasoro ya kuonekana. Ukaitwa moyo wa askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta wengine maelfu, Uingereza ikawafungulia wodi maalumu. Wapo wanaoamini kwamba baadhi ya askari hao wangeitwa wagonjwa wa POTS leo. Jina POTS kama tulijuavyo lilikuja mwaka 1993, katika makala ya Ronald Schondorf na Phillip Low wa Mayo Clinic. Wengi wa wagonjwa wanaojulikana sasa ni wanawake wenye umri kati ya miaka 15 na 50. Linganisha. Dalili zilipokuwa za mwanamume aliyevaa sare, zilipewa jina la kazi yake. Zilipokuwa za msichana wa chuo, ziliitwa stresi. Huo ni uamuzi wa kifasihi kabla haujawa wa kitabibu: ni nani msimulizi anayeaminika.

Na kwetu? Aina ya maandishi ya ugonjwa inayosomwa zaidi Kenya haipo kwenye vitabu. Ni bango la mchango. Unalijua: picha ya mgonjwa akiwa mzima, picha ya pili akiwa kitandani, jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, kiasi kinachohitajika, nambari ya paybill. Silidharau hata kidogo; limeokoa watu. Lakini litazame kama mhakiki. Bango lina sehemu mbili zisizoweza kuachwa wazi, jina na kiasi. Asiye na jina hawezi kuandika bango. Atawaambia nini watu wa kikundi cha WhatsApp? "Naomba mnichangie, nikisimama naona giza"? Watamwambia anywe glukosi, au achunguzwe damu, au ale vizuri. Wengine watamtajia jirani mwenye wivu. Wote wana nia njema, na wote wamemwambia kwamba hadithi yake haijaiva.

Ndiyo maana tunamkumbuka Njambi Koikai, Jahmby wa reggae, aliyefariki Juni 2024. Aliliweka neno endometriosisi midomoni mwa Wakenya ambao hawakuwahi kulisikia, na alisema hadharani kuhusu miaka ya kupewa majibu yasiyo sahihi. Alikuwa na jina, na alihitaji mchango, na alijua bango linavyofanya kazi. Lakini hakukubali kukaa ndani ya bango. Aliendelea kusimulia hata wakati hakuna kilichokuwa kimepona, akiwa na sauti ile ile ya redioni. Wasichana wengi walijifunza kwake kwamba inaruhusiwa kusema "bado inauma" katika wakati uliopo.

Wengine husema kwamba shida ni Kiswahili, kwamba hakina maneno ya magonjwa kama haya. Siamini. Virginia Woolf alikilalamikia Kiingereza vivyo hivyo katika insha yake On Being Ill ya mwaka 1926, akishangaa kwa nini fasihi imejaa mapenzi na vita lakini mafua yamekosa mshairi. Sisi tuna kizunguzungu na kisunzi. Tuna kuona giza, kuona nyotanyota, moyo kupapatika, mwili kulegea, miguu kufa ganzi. Binamu yangu alizitaja dalili zake zote kwa Kiswahili kitupu, na zote zilikuwa sahihi. Aliyekosekana ni wa kuziandika chini kabla hajamkatiza.

Halafu, tuna mwanzo wa zamani ambao hatuusomi hivi. Karibu mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa beti 102. Shuleni tunaufundisha kama shairi la maadili ya mke, na tunabishana kama ni la kumkandamiza mwanamke au la kumpa ujanja. Mara chache tunataja kwamba mtunzi ni mgonjwa, na kwamba anasema hivyo mwanzoni kabisa: ameugua mwaka mzima na hakuwahi kupata nafasi ya kuzungumza. Baada ya hapo hataji tena dalili moja moja. Haelezi daktari alisema nini. Anamwita binti yake aje na wino na karatasi, kisha anatumia nguvu zilizobaki kusema alilonalo. Aliaga dunia yapata miaka miwili baadaye. Hakuna anayejua ugonjwa wake kwa jina, na utendi haukuharibika kwa kukosa jina hilo.

Simaanishi kwamba jina halina kazi. Jina limempa binamu yangu barua ya kupeleka chuoni ili akae wakati wa mtihani wa maabara. Limempa soksi za kubana, vidonge vya kupunguza mbio za moyo, lita mbili hadi tatu za maji kila siku, na chumvi. Hiyo chumvi ni riwaya peke yake. Shangazi ana presha ya kupanda. Daktari wake alimkataza chumvi miaka sita iliyopita. Sasa kuna sufuria mbili jikoni, na sumu ya mama ndiyo dawa ya binti. Wanakaa meza moja, kila mmoja akilinda sahani yake. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu siku ya kupimwa, sijakutana na ukurasa unaojua chochote kuhusu jikoni kama hiyo, kwa sababu ramani ilikuwa imeshafika mwisho. Vitabu vinafunga pazia kwenye ofisi ya daktari. Ugonjwa wa kudumu, kama jina lake lilivyo, unaendelea kudumu.

Kwa hivyo, ninyi mnaoandika na mnaotuma kazi kwenye majarida kama haya, ombi langu ni dogo. Msituletee tena hadithi ambayo daktari bingwa ndiye jibu la fumbo. Mleteni, ndiyo, kwa maana yupo na wengine ni wazuri. Lakini mfanyeni awe mtu aliyevuta kiti akakaa. Kisha mbaki kwenye dakika ya nne, ya tano, ya sita, wakati hakuna linalotokea na kila kitu kinatokea. Andikeni rangi ya miguu. Andikeni mama anayeacha kusema "jikaze". Na saa ya daktari ikishafika kumi, msiondoke. Kuna dakika ya kumi na moja, ambapo yule yule msichana yuko Huduma Centre, ameegemea ukuta, karatasi yenye nambari yake mkononi, na bado haijaitwa.